Awalim na Ghawazi wa Misri

Wanawake waliojipatia riziki kwa uchezaji katika mji wa Cairo mwanzoni mwa karne ya 19 hawakuwa kundi moja, ingawa wasafiri wa Ulaya walizoea kuwachanganya. Wenye daraja walikuwa awalim, jina litokalo katika shina lile lile lililowapa Waswahili neno elimu. Hao walikuwa waimbaji hasa. Walialikwa katika nyumba za wakubwa, wakaimba mbele ya wanawake wenzao, na wanaume wakaambulia sauti tu kutoka nyuma ya dirisha la vijiti vya mbao. Ghawazi walicheza njiani na viwanjani, nyuso wazi, katika harusi na maulidi ya mawalii. Juu ya ujira waliopatana walipokea fedha za kutunzwa, kama mwimbaji wa taarabu atunzwavyo katika pwani ya Afrika Mashariki.

Kwa serikali kazi hiyo haikuwa ya siri, maana ilitozwa kodi. Walakini mwezi wa Juni 1834 Muhammad Ali Pasha alipiga marufuku uchezaji wa wanawake hadharani pamoja na umalaya katika Cairo. Edward Lane, Mwingereza aliyekaa mjini humo wakati huo, aliandika kwamba adhabu ya kosa la kwanza ilikuwa mapigo 50, na ya aliyerudia ni kazi ngumu ya mwaka mmoja au zaidi. Wengi walihamishiwa Qena, Esna na Aswan. Harusi za Cairo, bila shaka, hazikukoma. Nafasi ya ghawazi ilishikwa na wanaume waitwao khawal, waliovaa nusu kike.

Si kweli kwamba kabla ya hapo ghawazi wote walikuwa wakiishi kwa ngoma tupu. Lakini amri hiyo iliweka mchezaji na malaya chini ya neno moja, kisha ikawapeleka wote mbali na wenyeji waliojua kuwatofautisha. Huko Esna mteja mwenye fedha alikuwa mgeni ashukaye katika mashua ya Naili, asiyejua lugha wala wimbo. Gustave Flaubert alikuwa mmoja wao. Mwaka 1850 alicheziwa na Kuchuk Hanem, akalala kwake. Hata jina la awalim likashuka, likawa la mchezaji yeyote.

Baadaye kazi ilirudi Cairo, ikakaa katika barabara iliyoitwa, ajabu hii, kwa jina la Muhammad Ali. Hapo kila kundi lilikuwa na usta wake, mwanamke mstadi aliyepatana bei, akafundisha wadogo na kugawa mapato. Mwaka 1926 Badia Masabni alifungua ukumbi wake, ambamo Tahiya Carioca na Samia Gamal walianza kujulikana. Jukwaa lilileta sifa. Lakini katika kumbi nyingi za namna hiyo mchezaji, akiisha kushuka jukwaani, alipaswa kuketi na wateja ili waagize vinywaji, na fungu la bei ya kila chupa likawa sehemu ya ujira wake.