Kura ya wanahisa wa ExxonMobil (2021)

Kura ya wanahisa wa ExxonMobil ya mwaka 2021 ni uchaguzi wa bodi ya wakurugenzi wa kampuni hiyo ya mafuta ya Marekani, uliofanyika katika mkutano mkuu wa mwaka tarehe 26 Mei 2021. Engine No. 1, mfuko wa uwekezaji uliomiliki takriban asilimia 0.02 tu ya hisa, ulisimamisha wagombea wanne dhidi ya wale wa menejimenti. Ulidai kwamba kampuni, iliyopata hasara ya dola bilioni 22.4 mwaka 2020, haikujiandaa vya kutosha kwa mabadiliko ya tabianchi. CalPERS na CalSTRS, mifuko ya pensheni ya California, iliuunga mkono. BlackRock, mmoja wa wanahisa wakubwa, iliwapigia kura baadhi ya wagombea wa Engine No. 1. Watatu kati yao walichaguliwa katika bodi ya watu 12. Ushindi ulitokana na kuwashawishi wenye hisa nyingi, si kuzimiliki. Mvutano kati ya kampuni na wanahisa kuhusu tabianchi uliendelea: mwaka 2024 ExxonMobil iliwashtaki wanahisa Arjuna Capital na Follow This kwa sababu ya azimio lao kuhusu gesijoto. Wakaliondoa, na mahakama ikaitupilia mbali kesi hiyo.