Uchumi wa mzunguko: Fundi wa jua kali asaidiwe kuanzia wapi?

Uchumi wa mzunguko ni utaratibu wa uzalishaji ambamo masalio ya kazi moja huwa malighafi ya kazi nyingine, na bidhaa huundwa kwa namna inayorahisisha ukarabati wake. Kinyume chake ni ule tuliouzoea wa kuchimba, kuunda, kutumia na kutupa.

Istilahi yenyewe ni ngeni kiasi humu nchini, lakini jambo linalotajwa ni kongwe. Anayetilia shaka na azuru Kamukunji, Nairobi, ambako mapipa kuukuu hukatwa yakawa makarai na majiko, au aangalie akala, vile viatu vinavyochongwa kutokana na tairi zilizochakaa.

Jiko la makaa lenye kauri, lililoanza kuenea miaka ya 1980, ni kielelezo bora zaidi. Wabunifu wake walichota mawazo kutoka kwa jiko la ndoo la Thailand. Gamba la nje hufuliwa kwa bati, aghalabu chakavu, na ndani hutiwa kikombe cha udongo uliochomwa ambacho huhifadhi joto na kupunguza makaa yanayotumika. Kikombe kikipasuka, mwenye jiko hununua kingine na gamba likaendelea na kazi.

Ikiwa hali ni hiyo, msaada ni wa nini? Fundi wetu ni hodari wa kutumia upya anachonunua, ila si hodari wa kuhesabu kinachomponyoka. Maranda ya seremala huchomwa kando ya barabara, na vipande vya ngozi hufagiwa pamoja na takataka nyingine. Sheria ya Biashara Ndogo ya 2012 huihesabu karakana yenye watu wasiotimia 10 na mauzo yasiyozidi Sh500,000 kwa mwaka kuwa miongoni mwa biashara ndogo kabisa. Karakana ya kiwango hicho haina mhasibu, sembuse mtaalamu wa mazingira.

Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza ni mizani na daftari. Tuseme fundi amenunua kilo 100 za bati na bidhaa alizounda zina uzito wa kilo 80. Kilo 20 zilizosalia alizilipia kwa bei ile ile ya bati zima, ingawa huziuza kwa bei ya chakavu au kuzitupa. Akiziona kwenye daftari, atatafuta njia ya kupanga mikato upya, au ataunda vitu vidogo kama bawaba na vishikio kutokana na mabaki. Ukaguzi wa aina hii ndio msingi wa kazi ya Kituo cha Kitaifa cha Uzalishaji Safi, kilichoanzishwa mwaka wa 2000 chini ya taasisi ya utafiti wa viwanda, KIRDI. Kasoro ya miradi mingi, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni kuleta mashine kabla ya mizani.

Hatua ya pili haimo mikononi mwa fundi. Karakana inayotegemea chakavu huhitaji chakavu halali, kinachopatikana bila kukatizwa. Mnamo Januari 2022, kufuatia uharibifu wa minara ya umeme, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu, na marufuku hayo hayakuondolewa hadi Mei mwaka huo, pamoja na masharti mapya. Waliolengwa ni wezi wa nyaya na vyuma vya minara. Hata hivyo, mlango uliofungwa ulikuwa ule ule aliopitia mfua majiko, ilhali Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015 ilikwisha kuwataka wafanyabiashara wawe na leseni.

Baadaye mwaka huo huo ilipitishwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka. Inataka taka zitenganishwe zinakozalishwa, kaunti ziwe na vituo vya kuokoa vitu vinavyoweza kutumika tena, na mzalishaji awajibikie bidhaa yake hata baada ya kutumika. Kanuni za kutekeleza wajibu huo wa mwisho zilichapishwa mwaka wa 2024. Vituo vya kaunti vikijengwa karibu na makarakana, fundi atapata malighafi iliyokwisha kuchambuliwa. Vikijengwa kando ya jaa lililo mbali na mji, nauli itameza faida yote. Na wajibu wa mzalishaji hautatekelezeka kwa mtu wa karakana moja akiwa peke yake. Njia nafuu ni chama cha mafundi kijisajili na kulipa kwa pamoja.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kila mzunguko ni wa heri. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilisambaza madini ya risasi hewani na majini hadi kilipofungwa mwaka wa 2014. Watoto waliathirika, na mwaka wa 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Risasi hudhuru ubongo, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Betri, kwa hivyo, hazifai kupasuliwa wala kuyeyushwa katika karakana ndogo. Anayezipokea azihifadhi wima zikiwa na asidi yake, penye sakafu ya saruji na paa, kisha azikabidhi kwa kiwanda chenye leseni ya NEMA.