Freddie Mercury: Mzaliwa wa Unguja kati ya runinga na jukwaa

WAPENZI wengi wa muziki wanapomtaja Freddie Mercury, humkumbuka katika Uwanja wa Wembley, Julai 13, 1985, alipowaimbisha maelfu ya watu kwenye tamasha la Live Aid kwa dakika 20 hivi. Lakini ustadi ule haukuzaliwa siku moja. Ulijengwa katika miaka ya sabini, ndani ya studio za runinga na kumbi za muziki, na historia yake inaonyesha jinsi msanii anavyoweza kuonekana na watu wengi kabla hawajamsikia akiimba kweli.

Alizaliwa Unguja Septemba 5, 1946, akapewa jina la Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya India, na huko India ndiko alikopelekwa kusoma shule ya bweni. Alirejea Zanzibar mwaka 1963, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 familia yake ilihamia Uingereza. Mwaka 1970 aliunda bendi ya Queen pamoja na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor. Mpiga besi John Deacon alijiunga nao mwaka 1971.

Mlango wa runinga ulifunguka kwa bahati. Februari 1974, kipindi cha Top of the Pops cha BBC kilikosa filamu ya David Bowie iliyokuwa imepangwa kuonyeshwa, na Queen wakaitwa kuziba pengo. Walionekana Februari 21 wakiwa na wimbo ‘Seven Seas of Rhye’, ambao ulifika nafasi ya 10 katika chati za Uingereza na kuwa wimbo wao wa kwanza kuvuma. Husimuliwa kuwa Mercury, ambaye hakuwa na runinga nyumbani, alijitazama kupitia kioo cha duka. Kanda yenyewe haikuhifadhiwa, kwa kuwa siku hizo BBC ilikuwa na desturi ya kufuta kanda nyingi ili zitumike tena.

Hata hivyo, runinga ya wakati huo ilikuwa na kasoro yake. Katika vipindi vya aina hiyo, wasanii wengi walisimama mbele ya kamera wakifuatisha midomo juu ya muziki uliorekodiwa, yaani kile ambacho wengi wetu tunakiita ‘pleibeki’. Mtazamaji aliona sura na mavazi, lakini hakuweza kupima sauti ya mwimbaji.

Tatizo hilo lilikuwa kubwa zaidi mwaka 1975, ulipotoka wimbo ‘Bohemian Rhapsody’, uliotungwa na Mercury mwenyewe. Wimbo huo una urefu wa karibu dakika sita, na sehemu yake ya katikati, iliyo katika mtindo wa opera, ilitengenezwa kwa kurundika sauti za watu watatu mara nyingi studioni. Hapakuwa na namna ya watu wanne kuiimba hivyo mbele ya kamera. Novemba mwaka huo, mwongozaji Bruce Gowers aliwapiga filamu katika studio za Elstree. Kazi ilichukua saa nne hivi, na gharama yake hutajwa kuwa takriban pauni 4,500. Filamu hiyo ilionyeshwa Top of the Pops Novemba 20, wakati bendi ikiwa tayari imeanza ziara yake. Wimbo ulikaa kileleni mwa chati za Uingereza kwa wiki tisa mfululizo, na tangu hapo makampuni ya muziki yalianza kuithamini filamu ya wimbo kama chombo cha kuuzia sahani.

Jukwaani Mercury na wenzake walichagua njia tofauti. Katika miaka iliyofuata, sehemu ile ya opera ilipofika, wao waliondoka jukwaani na kuiacha kanda isikike, kisha wakarudi kwa kishindo kupiga sehemu ya mwisho. Hawakutaka kuigiza mbele ya mashabiki waliolipa kiingilio.

Mwezi mmoja baada ya filamu ile kuonyeshwa, runinga na jukwaa vilikutana. Usiku wa Desemba 24, 1975, onyesho lao katika ukumbi wa Hammersmith Odeon, London, lilirushwa moja kwa moja na BBC kwa runinga na redio. Hapo watazamaji majumbani walimsikia Mercury akiimba bila kinga ya studio. Bahati nzuri, kumbukumbu ya usiku huo ilisalimika, na mwaka 2015 ilitolewa rasmi.

Septemba 18, 1976, Queen walifanya onyesho la bure katika bustani ya Hyde Park, mbele ya umati unaokadiriwa kuwa watu 150,000 au zaidi. Muda uliporefuka kupita kiasi, polisi waliwazuia kurudi jukwaani kwa nyimbo za nyongeza. Desemba 1 mwaka huo, bendi ilishindwa kuhudhuria kipindi cha runinga cha Bill Grundy. Nafasi yao ilichukuliwa na Sex Pistols, ambao matusi yao hewani yaliitikisa Uingereza nzima.

Mwaka 1977, baada ya mashabiki mjini Stafford kuimba kwa sauti moja mwisho wa onyesho, May na Mercury waliamua kutunga nyimbo zitakazoimbwa na umati. Hapo zikazaliwa ‘We Will Rock You’ na ‘We Are the Champions’.

Miaka hiyo hiyo ya sabini, Zanzibar ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kusini mwa Sahara kuanzisha televisheni ya rangi, wakati Tanzania Bara ilisubiri hadi miaka ya tisini. Mercury alifariki dunia Novemba 24, 1991, na makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Mji Mkongwe mwaka 2019. Kwa anayetaka kumfahamu zaidi ya picha za ukutani, kumbukumbu ya Hammersmith ni mahali pazuri pa kuanzia, kwani pale kamera ilikuwepo, na sauti ilikuwa yake mwenyewe.