Qt na mkataba wake na KDE

Qt ni maktaba ya programu: msimbo ulioandikwa tayari ambao watunzi wa programu huutumia kuchora madirisha, vitufe na menyu bila kuanza upya kila mara. Ilibuniwa Norway na Haavard Nord na Eirik Chambe-Eng, ikatolewa kwa umma mara ya kwanza Mei 1995. Hadi leo hutolewa kwa njia mbili, yaani kwa leseni huria isiyolipiwa na kwa leseni ya kibiashara inayouzwa. VLC inayochezea filamu, QGIS inayochorea ramani na eneokazi la KDE zote zimejengwa juu yake. Programu nyingine nyingi huria zimejikuta zikivutana na kampuni zinazozimiliki, lakini Qt ina jambo la pekee: mvutano huo uliandikwa mapema kwenye mkataba, ukatiwa saini, na mkataba huo umedumu ingawa umiliki wa Qt umebadilika mara kadhaa.

Mwanzo

Mwaka 1990, Nord na Chambe-Eng walikuwa wakitengeneza hifadhidata ya picha za ultrasound huko Trondheim. Kazi ile ilitakiwa iende kwenye Unix, Macintosh na Windows pamoja, na wakati huo hapakuwa na zana nzuri ya kufanya hivyo. Wakaamua kuitengeneza wenyewe. Kampuni yao, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Trolltech, iliandikishwa mwaka 1994, na katika kipindi cha mwanzo familia zao ziliishi kwa mishahara ya wake zao. Kampuni moja ya Norway, Metis, iliwapa mwaka 1995 mkataba wa kutengeneza programu kwa kutumia Qt na ikabaki mteja wa pekee kwa miezi mingi, mpaka Shirika la Anga la Ulaya liliponunua leseni 10 mwaka 1996.

Inafaa kuikumbuka hali hiyo kabla ya kuihukumu leseni yao ya kwanza. Aliyetunga programu huria kwenye Unix aliruhusiwa kutumia Qt bila kulipa, ila hakuruhusiwa kuibadilisha na kuisambaza akiwa ameibadilisha. Kwenye Windows kila mtu alilipa. Waasisi hawakuwa na chanzo kingine cha mapato.

Mgogoro wa leseni

Tarehe 14 Oktoba 1996, Matthias Ettrich, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Tübingen, Ujerumani, aliwaalika watunzi wenzake kujenga eneokazi kamili la Linux ambalo mtu wa kawaida angeweza kulitumia. Huo ndio mwanzo wa KDE. Ettrich alichagua Qt kwa sababu ilikuwa bora kuliko zana nyingine alizoziona, na kazi ikaenda kwa kasi: toleo la 1.0 lilitoka Julai 1998.

Tatizo lilikuwa la kisheria, na lilikuwa zito. Msimbo wa KDE ulitolewa kwa leseni ya GPL, iliyoandikwa na Richard Stallman, ambayo humtaka anayesambaza programu aisambaze yote kwa masharti hayohayo. Qt haikuweza kuingia chini ya masharti hayo. Debian, mradi unaosambaza Linux pamoja na programu zake, ikaiondoa KDE katika hazina yake mwaka 1998. Mapema zaidi, Agosti 1997, Miguel de Icaza na Federico Mena walikuwa wameanzisha GNOME, eneokazi jingine kabisa lisilohitaji Qt, na wengine wakaanza mradi wa Harmony uliokusudia kuiandika upya Qt kwa leseni huria.

Watu wa KDE walikuwa kama mtu aliyejenga nyumba nzuri kwenye kiwanja cha mwingine. Mwenye kiwanja alikuwa mtu mwema, lakini wema wake haukuwa na hati. Je, Trolltech ikifilisika? Je, ikinunuliwa na mshindani asiyeitaka Linux?

Mkataba wa 1998

Jibu lilikuja Juni 1998, KDE na Trolltech zilipounda taasisi ndogo iitwayo KDE Free Qt Foundation. Sharti lake kuu linaeleweka bila wakili: Trolltech ikiacha kutoa toleo huria la Qt kwa miezi 12, kwa sababu yoyote ile, ikiwemo kuuzwa au kufilisika, taasisi ina haki ya kulitoa toleo la mwisho kwa leseni ya aina ya BSD.

Uzito wa sharti hilo umo katika uchaguzi wa leseni. BSD haimlazimishi mtu kufungua msimbo wake. Kwa hiyo siku Qt itakapotolewa kwa BSD, wateja wote wanaolipa ili wafiche msimbo wao hawatakuwa tena na sababu ya kulipa, na biashara ya leseni itakufa siku hiyohiyo. Mmiliki yeyote, hata asiyejali chochote kuhusu uhuru wa programu, analazimika kuulinda uhuru huo kwa ajili ya mapato yake mwenyewe. Mwandishi wa makala hii anaona kuwa hilo ndilo wazo bora kabisa lililowahi kutolewa katika mvutano huu, bora kuliko ahadi zote za wakurugenzi wenye nia njema, kwa kuwa mkurugenzi huondoka na nia yake.

Wala wenye msimamo mkali kuhusu leseni huria wasinyimwe sifa. Mara nyingi wametajwa kuwa wagomvi waliowachelewesha wachapakazi wa KDE, lakini bila GNOME na Harmony kuisukuma, Trolltech isingekuwa na haraka ya kutia saini lolote. Shinikizo liliendelea: leseni mpya ya QPL, iliyokuja na Qt 2.0 mwaka 1999, ilikubalika kuwa huria lakini haikupatana na GPL. Hatimaye, Septemba 2000, Qt ya Unix ikatolewa kwa GPL yenyewe. Ya Windows ilifuata mwaka 2005.

Kampuni haikupoteza kitu kwa hatua hiyo. GPL humbana sana anayetaka kuficha msimbo, na Trolltech, ikiwa mwenye hakimiliki, iliweza kumuuzia leseni nyingine. Anayefungua msimbo wake hulipa kwa kuushirikisha. Anayeufunga hulipa kwa fedha. Ndiyo maana wanafunzi na wakazi wa Dar es Salaam walioshiriki mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015 kuchora mitaa inayokumbwa na mafuriko, waliweza kutumia QGIS bila kulipia leseni yoyote, huku watengenezaji wa magari na wa vifaa vya hospitali wakigharimia uendelezaji wa maktaba iliyo chini yake.

Nokia na baada yake

Nokia iliinunua Trolltech mwaka 2008. Kwa kuwa ilipata fedha kwa kuuza simu, leseni za Qt hazikuwa na maana kubwa kwake; ilichotaka ni watunzi wengi. Mwaka 2009 ikaongeza leseni ya LGPL, inayoruhusu hata programu iliyofungwa kutumia maktaba bila malipo. Jumuiya ilifurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi, ingawa zawadi hiyo ilitegemea biashara ya simu. Februari 2011 Nokia iligeukia Windows Phone, mfumo wa simu wa Microsoft. Mwaka huohuo biashara ya leseni ikauzwa kwa Digia ya Finland, na Qt yote ikafuata mwaka 2012. Baadaye ikatengwa kuwa kampuni inayojitegemea, The Qt Company, iliyoingia soko la hisa la Helsinki mwaka 2016.

Leseni sasa zilikuwa mkate wa kampuni tena. Mwaka 2016 LGPL toleo la 2.1 ikaachwa na toleo la 3 likashika nafasi, ambalo humtaka mwenye kutengeneza kifaa cha matumizi ya nyumbani amwachie mnunuzi uwezo wa kubadilisha maktaba iliyomo ndani. Wengi hawataki kufanya hivyo, wakaona heri walipe. Kwa upande wa pili, vipande vilivyokuwa vya kuuzwa tu vikafunguliwa kwa GPL. Makubaliano hayo yalipatikana kwa mazungumzo na KDE, na pande zote mbili zilitoka na kitu.

Mwaka 2020 mambo yakawa magumu. Januari kampuni ilitangaza kuwa matoleo yanayotunzwa kwa muda mrefu yatakuwa ya wateja wanaolipa pekee. Aprili, Olaf Schmidt-Wischhöfer, mwakilishi wa KDE katika taasisi ile, alieleza hadharani kuwa kampuni ilikuwa ikifikiria kuchelewesha matoleo yote huria kwa miezi 12, muda wa juu kabisa ambao mkataba unauvumilia. Kampuni ikajibu kwa ufupi kwamba maelezo hayo hayakuwakilisha maoni wala mipango yake, na ucheleweshaji huo haukutokea. Kwa masahihisho ya Qt 5.15, yaliyofungiwa wateja kuanzia 2021, KDE ilianzisha mkusanyo wake wa marekebisho ili programu zake zisikwame. Kampuni nayo ilianza kuyafungua masahihisho yake kwa umma kila yalipotimiza mwaka mmoja, kuanzia toleo la 5.15.3 mwezi Machi 2022.