Fowili, matope na ujuzi wa dereva

Leo naomba tuweke siasa kando. Najua wengine mnakuja hapa kusoma habari za bunge na bajeti, lakini wiki hii kichwa changu kiko kwenye magari, hasa yale makubwa ambayo sisi Watanzania tuliyabatiza jina la mashangingi. Sizungumzii bei yake wala nani anayapanda. Hilo tumeshalijadili sana na tutalijadili tena. Nataka kuzungumzia vitufe vyake.

Kazi hii ya uandishi inanipandisha magari ya watu wengi. Leo msafara wa kiongozi, kesho gari la mradi wa maji, keshokutwa gari la chanjo. Karibu na gia za magari haya kuna kitufe chenye picha ya gari linaloteremka mlima, kingine chenye picha ya gari linaloteleza, na katika mengine kuna swichi ya kuzungusha yenye picha za mchanga, mawe na matope. Huwa nawauliza madereva vinafanya kazi gani. Wachache wananieleza vizuri. Wengi wanacheka na kusema, "Hivyo vimekuja na gari, kaka."

Pale Mlimani tulifundishwa kuuliza maswali matatu kuhusu kila chombo: kilianza lini, kwa nini, na kabla yake kazi ile ilifanywa na nani? Nimejaribu kuvipitisha vitufe hivi kwenye maswali hayo. Jibu nililolipata ni hili: kabla ya kitufe kazi ilifanywa na mguu na macho ya dereva. Kila kitufe ni kipande cha ujuzi wa dereva kilichohamishiwa ndani ya mashine. Sasa twende taratibu.

Gari dogo la fowili lililoenea duniani lilitoka vitani. Mwaka 1941 jeshi la Marekani lilianza kupokea Willys MB, ambalo dunia ililijua kwa jina la jeep, na Ford nao wakatengeneza la kwao kwa mchoro huo huo. Mpaka vita inakwisha mwaka 1945, kampuni hizo mbili zilikuwa zimetoa zaidi ya magari 600,000. Jeep lilikuwa na wenzo mmoja wa kuunganisha magurudumu ya mbele na mwingine wa kuingiza gia nzito, ile inayofanya gari liende polepole kwa nguvu nyingi. Basi. Mashine haikuamua kitu chochote. Aliyeamua ni dereva.

Baada ya vita, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, Maurice Wilks, alikuwa na jeep la jeshi kwenye shamba lake huko Anglesey, Wales. Kutokana na gari hilo akapata wazo la Land Rover, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948. Bodi lake lilikuwa la aluminiamu kwa sababu chuma kilikuwa adimu baada ya vita. Japani nako, mwaka 1951 Toyota walitengeneza gari waliloliita BJ, wakalipandisha Mlima Fuji hadi kituo cha sita ili watu waone lina nguvu gani. Mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Magari haya mawili ndiyo yaliyokuja kugawana barabara zetu: kwanza Land Rover la bwana shauri, la polisi na la mishonari, baadaye Land Cruiser la kila wizara na kila mradi.

Hapa lazima tuelewe kitu kimoja, la sivyo mengine yote hayataeleweka. Kitu hicho ni difu. Gari likikata kona, gurudumu la nje linatembea umbali mrefu kuliko la ndani. Difu ndiyo inayoyaruhusu magurudumu hayo yazunguke kwa kasi tofauti. Kwenye lami ni jambo jema. Kwenye matope ni balaa, kwa sababu gurudumu moja likikosa pa kushika, lenyewe linazunguka bure kama feni na lile lililo pakavu linabaki limesimama. Injini inanguruma, gari haliendi. Ndiyo maana gari linaweza kuitwa fowili na bado likanasa kwa sababu ya gurudumu moja la mbele na moja la nyuma.

Mzee mmoja aliyestaafu udereva serikalini aliwahi kunisimulia jinsi walivyokuwa wakienda kusini na Land Rover 109, enzi za kuvuka Rufiji kwa kivuko, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Kilichonivutia ni kanuni zake. "Kijana wangu," aliniambia, "matope hayapitwi kwa moto. Kwanza shuka utembee, upime kwa fimbo. Fowili unaweka kabla hujaingia, si ukishazama. Mlima unateremka kwa gia ya kwanza nzito, mguu mbali na klachi na mbali na breki. Tairi ikianza kuzunguka bure usikanyage mafuta, utajichimbia kaburi. Gusa breki kidogo huku umeshikilia mafuta, utaona lile gurudumu jingine linaamka."

Hiyo kanuni ya mwisho naomba uishike vizuri, msomaji, maana tutakutana nayo tena.

Kama unadhani mzee alikuwa anajisifu tu, tazama mashindano ya Safari Rally. Yalianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi na matope yale yale tunayoyajua. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 akiwa na Volvo ya kawaida ya kusukumwa na magurudumu ya nyuma. Shekhar Mehta alishinda mara 5, kuanzia 1973. Hakuna kati yao aliyeshinda kwa gari la fowili. Audi Quattro lilitoka mwaka 1980 na likabadilisha mbio za magari huko Ulaya, lakini kwenye Safari, miaka ya 1984, 1985 na 1986 bado walishinda Toyota Celica za kusukumwa nyuma. Ilibidi kusubiri mpaka 1987 ndipo Hannu Mikkola akaipatia fowili ushindi wake wa kwanza wa Safari, akiwa na Audi 200. Kwa miaka 34 barabara zetu zilikuwa zinawaambia wahandisi kwamba kinachovusha gari kwanza ni mtu.

Sasa mashine ziliingiaje? Ziliingia kwa mlango ambao hakuna aliyeutegemea: breki za lami. Mwaka 1978 Mercedes-Benz na Bosch walileta kwenye gari la S-Class mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu yasigande dereva akikanyaga breki kwa nguvu. Ili ufanye kazi, gari liliwekewa vitambuzi vinavyopima kasi ya magurudumu, na kompyuta ikapewa uwezo wa kushika na kuachia breki mara nyingi kwa sekunde. Walikuwa wanafikiria barabara za mvua na barafu huko Ujerumani. Hawakuwa wanafikiria mbuga ya udongo mweusi.

Lakini ukishakuwa na kompyuta inayojua kasi ya kila gurudumu na inayoweza kulipiga breki gurudumu moja peke yake, umeshapata mguu wa yule mzee. Gurudumu likizunguka bure, kompyuta inalishika kwa breki, na difu inalazimika kupeleka nguvu kwa jirani yake. Ni kanuni ile ile ya "gusa breki kidogo", isipokuwa mzee alikuwa anagusa breki za magurudumu yote kwa pamoja, na kompyuta inachagua moja. Range Rover lilikuwa na ABS mwaka 1989, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 likaongezewa ujanja huo. Toyota nao wakauweka kwenye Land Cruiser.

Mwaka 1997 ikaja hatua nyingine. Land Rover walitoa gari dogo la Freelander ambalo halikuwa na gia nzito kabisa. Sasa litateremkaje mlima mkali? Wakaweka kitufe. Ukikibonyeza, ABS inashika breki yenyewe na kuliteremsha gari kwa mwendo wa mtu anayekimbia taratibu, bila dereva kugusa kitu. Mwaka huo huo wa 1997 ndio El Niño ilianza kuzisomba barabara na madaraja yetu. Wenzetu walikuwa wanahamisha ujuzi kwenda kwenye kitufe, sisi tulikuwa tunausukuma kwa mabega.

Mwaka 2004 Discovery 3 lilileta swichi ya kuzungusha yenye mipango mitano: mmoja wa kawaida, mmoja wa nyasi, changarawe na theluji, mmoja wa matope na makorongo, mmoja wa mchanga, na mmoja wa mawe. Dereva anachagua aina ya ardhi, gari linapanga lenyewe injini, gia, difu na breki. Land Cruiser la 200, lililotoka mwaka 2007, likaleta kitu cha ajabu zaidi: gari linatambaa lenyewe juu ya mawe au ndani ya mchanga, na dereva kazi yake ni kushika usukani tu. Miguu yote miwili inapumzika.

Hiyo ndiyo historia yenyewe kwa kifupi. Lakini kuna vitu ambavyo wahandisi hawakuweza kuvihamisha, na hapo ndipo penye hoja yangu.

Kitufe hakijui kilichoko mbele. Vitambuzi vinasoma gurudumu likishateleza, wakati mzee na fimbo yake alikuwa anasoma kabla. Kitufe hakiongezi meno ya tairi. Tairi ikiwa kipara, kompyuta inagawa nguvu ambayo haina pa kushika. Kitufe nacho kina masharti. Ule utambaaji wa Land Cruiser haufanyi kazi mpaka uingize gia nzito kwanza. Kwenye mchanga mzito, kompyuta inaweza kupunguza nguvu ya injini pale pale unapoihitaji, kwa hiyo kuna wakati lazima uizime. Kwenye changarawe, ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, kwa sababu gurudumu lililoganda hujikusanyia changarawe mbele yake na kujizuia, na ABS haiachi gurudumu ligande. Difu nayo ukiifunga na kuisahau mkifika kwenye lami, kona inakuwa ngumu na vyuma vinaumia. Yote haya lazima mtu ayajue. Yaani ujuzi haukuondoka, umebadilika sura.

Sasa nani anamfundisha dereva wetu sura hii mpya? Mengi ya magari yetu tunayanunua Japani yakiwa yametumika, na kitabu cha maelezo, kama kipo, kimeandikwa Kijapani. Mimi nilipojifunza udereva tulifundishwa alama za barabarani, kupanda mlima bila kurudi nyuma, na kuegesha. Hakuna aliyewahi kutuambia difu ni nini. Wazee waliojua kwa mguu wanastaafu, na ujuzi wao haukuandikwa popote. Vijana wanapewa gari lenye ujuzi huo ndani yake bila ufunguo wa kuufungulia. Tuko katikati: la zamani linatutoka, jipya hatujalishika.

Hili si suala la starehe za wakubwa. Gari la wagonjwa linalomchukua mama mjamzito kijijini usiku wa masika linapita matope hayo hayo. Mara nyingi ni Land Cruiser mkonga, ukoo wa mfululizo wa 70 ulioanza mwaka 1984 na ambao Toyota waliurudisha hata kwenye soko la kwao Japani mwaka 2023, kwa sababu bado kuna watu wanaotaka wenzo unaoushika kwa mkono. Gari hilo linadai dereva anayejua kama yule mzee. Shangingi jipya linadai dereva anayejua kusoma vitufe. Yote mawili yanadai dereva aliyefundishwa. Kilichobadilika ni somo lenyewe.

Na tusijidanganye kwamba lami itamaliza mjadala. Kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilichowahi kulaza watu njiani wakati wa mvua, sasa ni lami. Hata hivyo Mei 2024, wakati wa Kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi, na magari yakapanga foleni pande zote mbili. Hapo hakuna kitufe kinachosaidia. Kinachosaidia ni dereva anayeangalia maji yanayokwenda kasi, akazima injini na kusema, "Hapa hatupiti." Abiria atalalamika, bosi atapiga simu. Dereva mwenye ujuzi ndiye mwenye ubavu wa kukataa.

Pendekezo langu ni dogo. Taasisi inaponunua gari la mamilioni, itenge siku mbili za kumfundisha dereva wake, uwanjani, kwenye matope ya kweli, na imlete mzee mmoja mstaafu akae kiti cha pembeni. Na kile kitabu, walau kurasa zinazoeleza vitufe hivi, kitafsiriwe kwa Kiswahili. Gharama yake ni ndogo kuliko ya seti moja ya tairi.

Wewe unayeendesha fowili, hebu niambie: vitufe vyako unavijua vyote? Na nani alikufundisha?