Bastola ya .22: mambo ya kuzingatia kwa mlenga shabaha wa Turkana

KATIKA Kaunti ya Turkana, neno bunduki humkumbusha msikilizaji AK-47 au G3. Tangu kambi ya jeshi ya Moroto, Uganda, ilipoporwa mwaka 1979 utawala wa Idi Amin ulipoanguka, silaha za kivita zimekuwa zikivuka mipaka na kuishia mikononi mwa wafugaji na wezi wa mifugo. Polisi wa akiba nao hukabidhiwa bunduki na serikali ili kulinda vijiji.

Ndiyo maana anayetaja bastola ya .22 mjini Lodwar au Kakuma hudhaniwa kuwa anazungumzia jamaa mdogo wa silaha hizo. Sivyo hata kidogo. Bastola hii ni chombo cha kujifunzia na kushindania ulengaji shabaha, na atakayeinunua akitumaini kwamba itamwokoa kutoka kwa majambazi katika barabara ya Lodwar kwenda Kakuma atakuwa amepoteza fedha zake.

Tofauti kubwa imo ndani ya risasi yenyewe. Risasi ya bunduki kubwa huwa na fataki katikati ya kitako chake. Katika risasi ya .22, unga wa fataki umetandazwa ndani ya ukingo wa kitako, na pini ya bastola hugonga ukingo huo ili kuwasha baruti. Risasi iitwayo .22 Long Rifle, ambayo ndiyo iliyoenea zaidi duniani, ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1887. Kichwa chake huwa na uzito wa takriban gramu 2.6 tu na upana usiofikia milimita 6.

Kwa kuwa nguvu yake ni ndogo, bastola hairuki mkononi, kelele si kubwa sana na risasi ni nafuu zikilinganishwa na za milimita 9. Mwanafunzi anaweza kupiga risasi nyingi kwa siku moja bila kuanza kufumba macho kwa kuogopa mshtuko. Ubaya wake ni kwamba fataki ya ukingoni hukataa kuwaka mara nyingi zaidi kuliko ya katikati, na ganda likishatumika haliwezi kujazwa tena.

Kisheria, aina ya silaha ina uzito kuliko ukubwa wake. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo, iliyotiwa sahihi Aprili 2004, inazitaka nchi wanachama, Kenya ikiwemo, kupiga marufuku raia kumiliki bunduki za rashasha na bunduki ndefu zinazojipakia zenyewe. Bastola haimo katika orodha hiyo. Hata hivyo, hakuna raia anayeruhusiwa kuwa nayo bila cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na anayepatikana na silaha au risasi bila cheti hukabiliwa na kifungo kirefu. Serikali imeonyesha mara kadhaa kwamba haifanyi mzaha. Novemba 2016, silaha 5,250 ziliteketezwa kwa moto huko Ngong.

Vitabu vya kigeni huisifu bastola ya .22 pia kwa matumizi ya porini, yaani kuwinda sungura na wanyama wengine wadogo. Mkenya na asahau sura hiyo. Uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inaharamisha uwindaji wa burudani pamoja na ule wa kitoweo. Digidigi anayekatiza njia karibu na mto Tarach si shabaha, hata kama mwenye bastola ana cheti halali. Linalobaki ni karatasi na vibati vya chuma katika uwanja ulioidhinishwa.

Uwanja huo ndio unaopaswa kutangulia ununuzi. Uwanja wa raia unaojulikana zaidi nchini uko Kirigiti, Kaunti ya Kiambu, unakotumiwa na Chama cha Kitaifa cha Wamiliki wa Bunduki, na kutoka Lodwar hadi huko ni safari ya zaidi ya kilomita 600. Iwapo mtu hana shughuli zinazompeleka huko mara kwa mara, bastola yake italala ndani ya sefu mwaka mzima. Kwa maoni ya mwandishi, huyo heri asubiri.

Kishawishi cha kwenda kujipigia risasi kwenye uwanda ulio wazi nje ya mji ni kikubwa, nacho ni hatari tupu. Risasi ya .22 ikielekezwa juu kidogo husafiri zaidi ya kilomita moja. Uwanda wa Turkana unaoonekana mtupu huwa na mvulana mwenye mbuzi nyuma ya kila mgunga. Zaidi ya hayo, risasi hii ndogo ya risasi laini hugonga mawe magumu na kuruka pembeni kuelekea mahali asipopatarajia mpigaji. Pasipo ukuta wa udongo wa kuizuia, isipigwe.

Tukija kwenye uchaguzi wenyewe, jambo la kwanza ni uzito na mtutu. Bastola nzito hutulia mkononi, na mtutu mrefu huongeza umbali kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma, jambo linalofanya kosa la mkono lionekane mapema. Anayetamani mashindano ya kimataifa ya mita 25 azingatie vipimo vya shirikisho la kimataifa la ulengaji, ISSF. Bastola isizidi gramu 1,400, mtutu usizidi milimita 153, na kifyatulio kisilegee chini ya uzito wa gramu 1,000. Vilengeo vyenye lenzi au taa haviruhusiwi.

Aina inayojipakia yenyewe hupendwa kwa sababu katika mashindano ya kasi ya wanaume hutakiwa risasi 5 zipigwe kwa sekunde 8, kisha 6, kisha 4. Bastola ya silinda inaweza kupiga risasi yoyote ya .22 bila malalamiko, ilhali inayojipakia hutegemea nguvu ya risasi kusukuma chuma nyuma na kuleta nyingine. Baadhi hukwama zikilishwa risasi za mwendo wa kawaida, nyingine hutaka hizo hizo. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji ni risasi gani anazo kila mara, kisha uijaribu bastola kwa risasi hizo. Bastola nzuri isiyo na risasi zake nchini ni pambo la kabati.

Kwa mkazi wa Lodwar au Kakuma, vumbi ni mtihani mkubwa kuliko hesabu ya milimita. Risasi nyingi za .22 hupakwa nta au grisi, na vumbi hunasa humo kama inzi kwenye asali. Masizi nayo ni mengi. Basi chagua bastola inayofunguka kwa urahisi ili isafishwe kila baada ya matumizi, na mafuta yawe kidogo tu, kwani mengi hukusanya mchanga.

Hapa Ruger inatoa mfano mzuri. Bastola yake ya kwanza ya .22 ilitoka mwaka 1949, na waliomiliki matoleo yake ya zamani wanajua jasho la kuirudisha pamoja baada ya kuifungua. Mark IV ya mwaka 2016 hufunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja. Lakini anayeuziwa iliyotumika ahakikishe namba yake, kwa maana zilizotengenezwa kabla ya Juni 2017 ziliitwa na kampuni zirekebishwe kutokana na kasoro ya kizuizi cha usalama. Browning Buck Mark, iliyoanza kuuzwa mwaka 1985, ina sifa ya kifyatulio kizuri ila huhitaji bisibisi kuifungua. Smith & Wesson Model 41 na Walther GSP ni za wanamichezo waliokwisha kukomaa, na kwa anayeanza ni gharama isiyo na faida.

Bastola inayojipakia ina mtego mmoja ambao umewaua watu wenye uzoefu. Ukitoa kasha la risasi kwenye mpini, risasi moja huweza kubaki ndani ya mtutu. Toa kasha kwanza, vuta chuma nyuma, tazama kwa macho na uguse kwa kidole. Nayo risasi ikikataa kuwaka, elekeza mtutu kwenye ukuta wa udongo kwa nusu dakika kabla ya kuitoa, kwa kuwa fataki nyingine huchelewa tu.

Cheti huombwa mapema, wala si baada ya kuona bidhaa. Mwombaji huchunguzwa tabia, hutakiwa kutoa sababu ya kuhitaji silaha na kuonyesha mahali salama pa kuihifadhi. Kwa nyumba za mabati za Lodwar, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35, hiyo ina maana ya sefu ya chuma iliyofungwa kwa bolti kwenye sakafu ya saruji, mbali na jua, risasi zikiwekwa kando. Ndani ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma, yenye maelfu ya familia katika makao yaliyobanana tangu mwaka 1992, mfanyakazi wa shirika asidhani cheti chake kinampa ruhusa ya kuingia na bastola kiunoni.

Cheti hutaja silaha husika na idadi ya risasi ambazo mwenyewe anaruhusiwa kununua. Linganisha namba iliyochongwa kwenye chuma na ile ya karatasini ukiwa bado dukani.