Zebaki kutoka kliniki za meno: mambo unayopaswa kujua

Dawa ya rangi ya fedha inayotumika kuziba meno ina zebaki, karibu nusu ya uzito wake. Kama unayo mdomoni, usiing'oe. Tatizo ni mabaki yake yanapooshwa na kumwagwa mtaroni.

Maji ya Nyakarenzo hushuka hadi mto Rusizi, unaoingia Ziwa Tanganyika. Majini, bakteria hugeuza zebaki kuwa sumu inayojikusanya ndani ya samaki na kudhuru ubongo wa mtoto aliye tumboni.

Zingatia haya:

• Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki. Usichote maji karibu na mtaro wa kliniki.

• Kipimajoto cha zebaki kikivunjika, watoe watoto nje na ufungue madirisha. Usifagie, usimwage chooni. Kusanya matone kwa karatasi ngumu, yatie kwenye chupa, ifunge vizuri na uipeleke kituo cha afya.

• Muulize daktari wa meno atatumia dawa gani. Mwaka 2022, nchi za Mkataba wa Minamata, Rwanda ikiwemo, zilikubaliana kuepuka dawa yenye zebaki kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, isipokuwa mtabibu akiona ni lazima.